Mkataba wa Mwaka Mmoja

Dalali Mundhir anatangulia ngazi.
"Matrah yote huipati kama hii. Kila kitu kipya."
Kweli: bomba, kiyoyozi, chokaa bado inanuka.
Riyali mia mbili na thamanini, maji mbali.

Boriti tu ndizo za kale,
nazo wamezipaka rangi ya kahawa
zionekane za kale zaidi.

Nyuma ya mlango wa jikoni, paliposahauliwa na brashi,
mistari ya kalamu ya risasi:
Ghuneima, Ghuneima, Ghuneima na Hilali,
kisha Hilali peke yake,
amenifika begani.

"Wenyewe wako wapi?"
"Sibu. Wana lifti."

Natia sahihi kwa kalamu yake.

Usiku nasimama pale, visigino ukutani,
mkataba utosini uwe rula.
Kalamu kaondoka nayo Mundhir.