Ufunguo wa Saa

Nyumba ya mwandishi iko juu ya hori la Skarvika.
Wageni huvua viatu mlangoni,
huvaa soksi za plastiki za buluu,
hunyata kama walioingia kumwona mgonjwa.

Jorunn, kijana wa chuo, ndiye mwongozaji.
Hapa ndipo alipoandikia Eilert Grønskar.
Hii miwani yake. Hiki kikombe, kina pengo mdomoni.
Meza imeelekezwa ukutani kwa makusudi:
alisema milima inamwibia maneno.

Mimi ni wa ndoo na dasta.
Mwaka wa kumi na tisa huu
napangusa meza isiyoandikiwa tena,
naondoa vumbi ambalo, nadhani, ni ngozi ya wasomaji.

Wakifika penye saa ya ukutani
Jorunn hushusha sauti.
Ilisimama, husema, saa kumi na dakika kumi alfajiri,
mwandishi alipokata roho.
Kofia huvuliwa. Mama mmoja wa Bergen alilia,
nikampa kitambaa kilekile cha vioo.

Bibi yangu Oline ndiye aliyeitia ufunguo saa hiyo,
kila Jumapili, akishamwaga majivu ya jiko.
Ukiijaza, inakwenda siku nane.
Jumanne moja ya Februari
aliomba mshahara wake wa miezi mitatu.
Bwana alikuwa katikati ya sentensi.
Hakuinua kichwa. Alinyoosha kidole mlangoni.

Oline akashuka kilima, theluji magotini,
ufunguo mfukoni mwa aproni, kwa kusahau,
au si kwa kusahau. Hakutuambia.
Jumatatu iliyofuata saa ikaishiwa.
Mwandishi alikufa Alhamisi, adhuhuri,
mbele ya supu ya samaki.

Katika nyumba hii hakuna kibao kinachomtaja bibi.
Cha mbwa kipo.

Januari huwa tunafunga.
Jua halifiki hapa,
linatuma salamu tu kutoka nyuma ya mlima.
Usiku wa mwisho wa likizo, peke yangu,
nikautoa ufunguo kwenye kopo la vifungo.
Mizunguko kumi na minne;
sikuhesabu, mkono ulijua.
Saa ikakohoa. Ikatembea.
Nyumba nzima ikajaa hatua
za mtu anayetoka jikoni bila haraka.
Nikakaa, Mungu anisamehe,
kwenye kiti kilichozungushiwa kamba nyekundu,
nikasikiliza mpaka chai ikapoa.

Leo tumefungua.
Basi la wanafunzi linapanda kona ya mwisho, taa zote zinawaka.
Nimeishika pendula
kama unavyomshika mtoto bega asikimbilie barabarani,
nikairudisha mishale kwenye uongo wake,
kumi na dakika kumi,
maana Jorunn ana mkopo wa masomo
na mimi nina kodi ya nyumba.

Mbona inanuka mafuta? ananiuliza.

Vumbi, namwambia.
Nimeipangusa.