Njia ya Ziada

Miaka thelathini nimefunga simtanki juu ya mapaa,
Tandika, Mtoni, mpaka Chamazi kwenye udongo mwekundu.
Najua bomba linavyolia kabla halijapasuka.
Jicho halikulia.

Lilijaa kimya kimya,
likinipunguzia mji kutoka pembeni:
kwanza bajaji za upande wa kushoto,
kisha jirani, anayenisalimu nisimwitikie,
akaenda kusema, "Kondo siku hizi anaringa."

La kushoto limeshakwenda. Daktari Nakijwa hakunificha:
"Kilichozimika hakiwaki tena, baba.
Tunapigania kilichobaki."
Matone niliyaacha. Nilimwambia ni hela.
Sikumwambia kwamba mwezi wa Ramadhani
niliogopa kufungua saumu kwa tone.

"Presha thelathini na nane," akasoma.
Nikamuuliza: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi?
Akachora nyuma ya kadi yangu:
hapa yanatengenezwa, hapa yanazunguka,
hapa chujio limeziba.
"Basi mnatoboa njia ya ziada," nikasema,
"kama ile ya tanki, chini kidogo ya mfuniko."
Akaweka kalamu mezani.
"Umenimalizia maelezo."

Ganzi. Kitambaa cha kijani chenye tundu moja.
Taa, halafu taa iliyoyeyuka.
Akachonga kijimlango kwenye weupe wa jicho,
juu, mahali kope linapofunika,
akakishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele,
akakaza, akalegeza, akasikilizia,
kama mimi na koki, kwa ncha za vidole.
Yakitoka mengi, jicho linasinyaa.
Yakikwama, tumerudi palepale.
Nilitamani kumwambia: robo nyingine, mama, robo tu.
Nikaumeza ushauri wangu.

Kumi na mbili, asubuhi yake.
Ukungu, na ndani ya ukungu Mwantumu,
akihesabu chenji ya uji.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Langu wamelishonea, dogo,
na nyuma yake maji yanapita
bila mita, bila bili, bila mgao.

Nisiiname. Nisibebe kizito. Nisilifikiche.
Simu inaita kutoka Kijichi:
"Fundi, tanki linamwaga!"
"Linamwagia kwenye njia yake?"
"Ndiyo, kwenye njia yake."
"Basi funga pampu, mama,
uliache limwage."