Kitufe cha Jua

Kitsao ameshuka ngazi, fundi wa kutoka Barani,
bisibisi mdomoni, viganja vimejaa kutu.
"Mama Lali, kiyoyozi hiki kina miaka kumi na tisa.
Tazama mapezi ya nje: chumvi imeyala,
yanamomonyoka kama biskuti ndani ya chai.
Hata gesi yake siku hizi yatafutwa kwa tochi.
Nikitia kiraka kitakupa miezi mitatu, pengine minne,
kisha utaniita tena, nawe utanilaani."

Nikamwambia akae kwanza, anywe ukwaju.

Ni Februari. Bati la jirani lalia ta, ta,
paka wote wa Muyeye wamejibanza chini ya magari.
Jana usiku nililala na kanga niliyoilowesha;
ikakauka kifuani kabla sijamaliza dua.

Lali amepiga simu kutoka Doha:
"Nunua mpya, mama, isiyokula stima. Nitatuma nusu."
Nusu ya Lali naijua.
Huja kwa manyunyu, kama vuli mbaya.
Naye Mwanaesha ukutani: "Feni, mwenzangu. Feni na dirisha.
Wazazi wetu walipoa kwa nini?"
Wazazi wetu, nikamjibu, hawakuwa na ghorofa tatu za Mtaliano
zilizosimama baina yao na upepo.

Nyuma ya kalenda nimepiga hesabu kwa penseli:
tokeni za mwezi, elfu nne na mia mbili;
viraka vya mwaka jana, mara tatu;
pensheni ya ualimu, ambayo haijui kupanda ngazi;
na paa la jikoni linalovuja,
limenyamaza tu kwa kuwa mvua haijaja.
Rahisi ghali, alizoea kusema Shekuwe,
ndipo akanunua ya ghali,
nayo hiyo imekufa.

Kitsao afuta mdomo. "Zipo aina mbili.
Ya baridi tupu, elfu hamsini na nne.
Ya baridi na joto, sitini na tatu.
Lakini joto, Mama Lali? Joto la kununua, Malindi hii?"
Akacheka. Nami nikacheka.
Kisha jicho likaangukia rimoti pale mezani,
mgongo wake umefungwa kwa mpira wa nywele.

Vitufe vyote vimefutika kwa vidole vyetu.
Kimoja tu kina picha yake kamili, jua dogo lenye miale,
jipya kama siku lilipotoka katoni,
maana liliguswa mara moja.

Ilikuwa Machi. Shekuwe amerudishwa kutoka hospitali,
faili nene, dawa hamna.
Akasema, "Baridi." Nikamfunika blanketi.
Akasema, "Baridi." Nikaongeza la pili, na joho lake la harusi juu.
Meno yakagongana.
Stima ipo lakini sikutaka kuwasha taa machoni mwake,
nikapapasa: feni, saa, theluji, theluji tena,
hata nikalipata jua.
Mashine ikakohoa, ikanuka vumbi lililoungua,
ikaanza kupuliza joto ndani ya joto.
Nikakaa kando yake natiririka kama gudulia,
naye akasema, "Hapo. Hapo hapo. Usiongeze."
Hakusema mengi baadaye.

Elfu tisa, basi, ndiyo tofauti.
Elfu tisa ni mabati ya jikoni na misumari yake.
Kitsao angoja, akizungusha barafu glasini.

Siku yangu nayo ipo njiani, isiwe na haraka.
Huenda ikanikuta mwezi kama huu.
Atakayekuwa kando ya kitanda,
awe Lali, awe mke wa Lali,
awe msichana wa kazi nisiyemjua bado jina,
asije akahangaika gizani
na mashine inayojua neno moja.

"Nataka yenye jua," nikasema. "Na usafiri juu yako."
Kitsao akataka mia tano. Nikampa mia mbili.
Tukakutana kwenye mia tatu, tukapeana mikono;
wa kwake ukaniachia kutu.