Mbuzi Mwenye Pumzi

Mbuzi niliyemjua mimi, kule Pangani,
alikuwa wa mti: kibao cha kukalia,
miguu ya kukunja, ulimi wa chuma wenye meno.
Nilimkalia tangu nina miaka sita.
Hakula, hakulia, hakuomba kufunguliwa.
Nilimpa nazi, akanipa machicha,
machicha nikayakamua, nikapata tui.
Maziwa kwangu yalikuwa hayo.

Wale wa kulia mee walikuwa wa Idi, wa akika,
na wa kugombanisha majirani kwa ajili ya mchicha.

Sasa nina hamsini na mbili.
Nakaa nyuma ya Tregaron, kwenye vilima vya Wales,
ambako mvua haianzi wala haikomi, ipo tu, kama ukuta.
Usiku nageuza wazee wa watu vitandani,
na leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
nimekaa kigodani ubavuni mwa mnyama mweupe
aitwaye Eira, yaani theluji,
naye amegeuza shingo, ananitazama
kwa yale macho yenye mboni za mlalo,
kama tundu la kutilia sarafu,
anangoja nilipe.

Mwalimu wangu ni Ifan, miaka kumi na mitatu.
Ameniuzia mbuzi wake anunue baiskeli ya kushukia milima.
"Mmoja siuzi," alisema. "Mmoja peke yake
atalia mpaka watu waite polisi."
Basi nikachukua na Modlen,
mweusi, hana tone la maziwa, kiburi anacho.
Na kabla hawajafika, ilibidi serikali
ikipe namba kishamba changu, nusu eka ya mawe.
Mimi mwenyewe karatasi zangu nilizingoja miaka tisa.
Za mbuzi zilikuja kwa wiki mbili.

"Usivute," anasema Ifan. "Si kamba ya kengele."
Osha kwa maji ya vuguvugu. Kausha.
Michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi,
utazame kama kuna mabonge.
Bana juu, kwa gumba na cha shahada,
kama unavyobana shingo ya mfuko wa sukari,
yasipande yalikotoka,
kisha vidole vingine vifuate, kimoja, kimoja.

Nabana. Naminya.
Hakuna.
Naminya. Tone moja, limeingia kwenye mkono wa sweta.
Eira anainua mguu wa nyuma, polepole,
kama bibi harusi anayepanda ngazi,
anautia ndani ya ndoo.

Kwetu, ukiongea na asiyesikia,
huambiwa unampigia mbuzi gitaa.
Haya. Nikampigia.
Niliimba nilichokuwa nacho, wimbo wa kutwanga,
beti mbili tu, la tatu nimelisahau,
na katikati ya la pili akashusha pumzi,
akaanza kucheua,
chuchu ikajaa kiganjani, nzito, ya moto,
na mkono wangu ukakumbuka peke yake
kwamba kukamua ni kukamua.
Chwii kwenye bati. Chwii.
Halafu sauti ikanenepa, ikawa ya povu.

Kikombe na robo. Ifan hakunisifu.
Alichuja kwa kitambaa, akakizamisha chombo
kwenye maji ya barafu, mbio mbio:
ukichelewa, alisema, yatanuka beberu.

Jioni nikamwonyesha wangu,
niliyekuja naye sandukuni, amefungwa kanga,
na nazi ya Aberystwyth, pauni moja na nusu, kavu kama shingo yake.
Ifan alikaa kinyumenyume. Nikamgeuza.
Akakuna, ulimi nje, mabega juu,
akasema, "Huyu wako ni bora. Hapigi teke."

Hapo ndipo akaruka, kidole mdomoni.

"Hapigi," nikamwambia. "Anang'ata."