Ngeli ya Jasho

Kazi yangu ni kuchapa watu, bila fimbo.
Mwembe Tayari, mlango wa tatu baada ya duka la mikeka,
shilingi ishirini ukurasa.
Huja na maisha yao yamekunjwa mfukoni,
nami huyanyoosha, huyapa vichwa:
Jina. Elimu. Ujuzi. Wadhamini.

Mbodze Ngumbao alikuja Jumatatu,
mvua imemshika Makupa,
vyeti vikavu ndani ya mfuko wa unga.
A ya hesabati. A ya fizikia.
Diploma ya mitambo, miaka mitano badala ya mitatu,
maana muhula mmoja alisoma,
muhula mmoja alikaanga mihogo Magongo.
Hii miwili ya ziada, nikamuuliza, niiandikeje?
Iache, akasema. Pengo tu.
Nikaliacha, jeupe, upana wa kidole,
na humo ndani kuna kazi
kuliko kurasa nzima za watu wengine.

Tukafika kwa wadhamini.
Andika mwalimu wangu.
Mwengine?
Akaitazama mvua.
Andika mama.
Mama haandikwi hapa, dada.
Amenidhamini miaka ishirini na sita, akasema,
hao wengine watanijulia nini?

Alhamisi akaja Lenny Mwakio wa Nyali,
gari nje linanguruma.
Kazi ile ile ya bandarini,
tangazo lile lile limekatwa gazetini.
C ya hesabati.
Si mtu mbaya: aliniagizia chai,
akaniuliza hali ya goti langu.
Wadhamini watatu, na wa kwanza wao
ubini wake ni ule ule
wa aliyetia sahihi chini ya tangazo.
Lenny hakuuona.
Au aliuona kama mtu aonavyo hewa.

Kurasa mbili yeye, kurasa mbili Mbodze.
Nikajiambia: hapa kwangu, angalau, haki ipo,
mashine haimjui mtu, wino ni mmoja,
arubaini kwa arubaini.
Lakini Mbodze alizihesabu sarafu mara mbili,
akashika njia ya Jomvu kwa miguu.
Lenny hakungoja chenji.

Husemwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Na asiye na kitanda?
Huyo ameinama tangu azaliwe,
anautafuta mvungu wenyewe.

Mwaka ukapita.
Jana Lenny amerudi, nembo ya makontena kifuani.
Shule yake ya zamani imemwita awape vijana moyo.
Nipitishie macho, ndugu yangu,
Kiswahili changu kimevunjika.
Nikasoma: Mimi sikubebwa na mtu.
Nimefika hapa kwa jasho yangu.

Nikafuta yangu, nikatia langu.
Kidole kikabaki juu ya kitufe.
Nilipomtazama, jasho lilikuwepo kweli,
linamtiririka shingoni, joto la Machi,
na alikuwa anaamini kila neno.
Hapo ndipo niliposhindwa.
Mwongo ningejua la kumwambia.

Na mimi nimseme nimesimama wapi?
Duka hili ni la ami Badi.
Aliniachia ufunguo, na kodi ya mwaka imelipwa,
na kwa jina lake benki ikanikopesha mashine.
Palikuwa na kijana akifagia hapa,
akichapa kwa vidole vyote kumi, macho ukutani.
Mimi navitumia vinne mpaka leo.
Hata jina lake la pili sikuliuliza.

Nikamrudishia karatasi.
Ngeli nimeirekebisha, nikasema.
Sentensi nimeiacha ulivyoileta.
Akacheka. Alidhani ni mzaha wa watu wa Mvita.

Magharibi nikateremsha mlango nusu.
Faili la Mbodze limo bado kwenye kompyuta.
Amekuja mara saba, kila mara
tunabadilisha tarehe tu.
Nikalifungua, nikashuka mpaka kwenye lile pengo,
nikaweka kishale mwanzo wake.
Kinawaka, kinazima, kinawaka,
kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono,
jibu analo,
na bado hajaitwa.