Mizani ya Theluji

Saa kumi na moja alfajiri, Logan bado imelala.
Nampeleka Tamsin seminari,
maandiko magotini, kichwa kwenye kioo cha gari,
anaisaka aya aliyoikariri jana
ikavuja usiku kama maji kwenye ungo.
Kiti cha nyuma: buti zangu, mrija wa alumini,
na chakula cha Dada Hallgrimson aliyejifungua,
nilichoahidi kukifikisha juzi.

Kazi yangu ni kupima theluji.
Napanda mlimani, nauchomeka mrija
mpaka ugonge udongo, nauvuta, naupima uzito.
Watu huidhania theluji nyepesi.
Mimi nimeibeba. Weupe ule wote
ni mahindi ya Agosti,
ni bomba la jirani asiyejua jina langu.
Naandika tarakimu. Tarakimu hazinidai kitu.

Nyumbani ndiko mizani haitulii.

Jumapili ya mfungo, tumbo linanguruma.
Orrin, miaka miwili, anamwaga nafaka zake benchini
wakati sinia la mkate linapita.
Naziokota moja moja, kama mwenye kutubu,
naitikia amina ya sala niliyoisikia nusu.
Kisha askofu, fundi mabomba mwenye viganja vipana,
ananiita ofisini: "Dada Rigby, Bwana anakuita
uwaongoze watoto wa Msingi. Wote tisini na wawili."
Siku tatu kabla, bosi naye alikuwa ameniita:
cheo, mshahara, dawati Salt Lake,
saa moja na nusu kwenda, na kurudi ni Mungu ajuaye.
Wote wawili walitabasamu tabasamu moja.
Wote wawili walisema, "Tulikufikiria wewe kwanza."

Njia mbili zilimshinda fisi.
Lakini fisi hakuwa na watoto wanne.
Fisi hakuulizwa na mama mkwe, mbele ya viazi,
"Na jioni ya familia, mwanangu, huwa mnaifanya?"
Tunaifanya. Jumatatu, kati ya vyombo na hesabu za Corbin:
wimbo, ugomvi, sala, biskuti.
Kuna wiki ugomvi una beti nyingi kuliko wimbo.

Thayne ndiye humsuka Lisbet asubuhi.
Kanisani wanamsifu kana kwamba amefufua wafu.
Nikimsuka mimi, hakuna shingo inayogeuka.
Nilimwambia hivyo jikoni. Akacheka,
halafu akaacha kucheka,
akaosha sufuria ileile mara mbili.

Nilifunga. Niliomba. Sitadanganya:
sikusikia sauti, wala kifua hakikuwaka
kama wasimuliavyo wenzangu mimbarini.
Nilisikia mashine ya kufulia ikikoma.
Nikainuka magotini, nikaenda kutoa nguo.
Katika mfuko wa suruali ya Corbin
karatasi, imelowa, penseli bado inasomeka:

Uani, inchi nne.
Kwa akina Pell, inchi tano.
Kaburi la paka, inchi tatu.
Mama atapima tena akirudi.

Nilikaa juu ya kapu la nguo
mpaka soksi zikapoa.

Askofu nimemwambia ndiyo, lakini Alhamisi asinitafute.
Bosi nimemwambia asubiri theluji iyeyuke.
Huenda wote wawili nimewapa nusu.
Huenda Bwana, aliyegawa mikate mitano,
anajua cha kufanya na nusu. Sina hakika.

Usiku ule nilimwamsha Corbin,
pajama ndani ya buti, pumzi inafuka,
tukaenda kwenye kaburi la paka na mrija wa kazini.
Ulikuwa mrefu mno kwa inchi tatu.
Tulipima hivyohivyo.
Akashika tochi kwa meno, daftari kwa mkono,
akauliza, "Kiasi gani?"
Nikasubiri mshale utulie.
Nikamsomea. Akaandika.