Mipira Miwili

Wa tatu atakaa wapi?
Ndivyo walivyoniuliza bandarini Wete
siku niliyoishusha melini
gari ya viti viwili, nyepesi, rangi ya komamanga.
Mwalimu wa hesabu, wakasema, kashindwa kuhesabu.

Ilianza mwezi wa Rajabu.
Kwanza kioo: nyuma yangu Chake nzima ikatetemeka,
kila mnazi na pacha wake,
wapanda baskeli wana vichwa viwili.
Kisha gia. Nikiachia klachi, du!
kama mtu kagonga mlango wa uani kwa kiwiko.
Kisha usukani. Kisha meno yangu.
Nikisubiri ng'ombe wavuke pale Ole
gari inatetemeka chini yangu
kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Shaame wa Machomane alifungua boneti, hakugusa kitu.
Kanyaga breki, akasema, tia gia ya kwanza,
klachi iachie kidogo, kidogo tu.
Injini ikanyanyuka upande mmoja
kama mgeni anayetaka kuaga,
kisha ikakaa tena.
"Injini nzima, mwalimu. Iliyochoka ni mipira."

Mipira gani?
Miwili, kulia na kushoto.
Injini haikalii chuma, inakalia mpira,
mpira ndio unaokalia chuma.
"Kazi yake kumeza," akasema.
"Injini inalalama, mpira unameza,
wewe unasikiliza redio."

Pemba haipo. Unguja wakanicheka kwenye simu:
ya gari gani? Hebu rudia.
Shaame akachonga vipande kutoka tairi la lori,
vikadumu mpaka kumi la pili la Ramadhani.
Ya kweli ikaja baada ya Idi, kutoka Japani,
ndani ya boksi dogo kuliko kikapu cha halua,
na bei yake sikumwambia mama.

Jumamosi nikafunga kanga juu ya suruali
nikaingia mvunguni mwa gari, tochi mkononi.
Jeki. Juu ya jeki, ubao wa mfenesi.
Juu ya ubao, sampu.
"Usiinyanyue. Iambie tu kwamba umeishika."

Bolti ya kushoto ilitoka kwa bismillahi moja.
Ya kulia, jirani wa ekzosi, ilikataa.
Mafuta ya taa. Nyundo. Bomba refu juu ya spana.
Na matusi, ambayo Shaame aliyameza
kwa kuwa mwanawe yumo darasani kwangu.

Ilipolia, tulidhani imekatika.
Haikukatika.
Akanipa mpira mkongwe nikauangalia:
umepasuka mdomo wazi, umeokwa kwa joto,
na chuma chake kimeachana nao zamani.
Vilikaa pamoja kwa uzito tu.
Nilikijua kikao hicho.
Miaka tisa mimi na Mcha, kwa uzito tu,
chumba kimoja, sinia moja,
na nyumba nzima inatikisika
watu wakidhani ni upepo—

"Mwalimu. Tochi."

Nikanyoosha tochi.

Mpya haukukubali tundu lake, umbali wa nusu ukucha.
Nikaisukuma injini kwa goti, mimi,
mpaka Shaame akasema hapo hapo hapo.
Hakukaza bolti. Alishusha jeki kwanza,
akaiacha injini ikae inavyotaka,
ndipo akakaza.

Akawasha. Akasimamisha sarafu ya mia mbili
kwa ubavu wake, juu ya kifuniko cha injini.
Ikasimama.
Mwanawe akaitazama, akanitazama, akaichukua.
Sikumuuliza.

Nilirudi Wete taratibu,
nisipeperushe karafuu zilizoanikwa kando ya lami.
Kioo kilinionesha kila mnazi mara moja.
Kiti cha kushoto nilikipakia ile mipira mikongwe;
sasa inagandamiza mitihani ya Kidato cha Pili
dirisha likiwa wazi.

Nilipofika nikazima,
na katika ule ukimya nikagundua
taya langu bado limekazwa.